Nani Aliyelipia Matuta ya Machakos?

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo, alizunguka Ukambani, nchini Kenya, na kuandika ripoti ya kutisha: vilima vipara, makorongo yakila mashamba. Dawa ya serikali ya kikoloni ilikuwa rahisi, tena haikuhitaji fedha nyingi. Ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu. Wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa hapo hapo Athi River. Kwamba malisho mazuri yalikuwa yameshamegewa walowezi, hilo halikupewa uzito.

Julai 1938 Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba waliopinga hatua hiyo, aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi kumtafuta Gavana. Wakapiga kambi katika mtaa wa Kariokor kwa wiki kadhaa. Muindi alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini mpango wa kunyang'anya mifugo ukavunjika.

Fedha zenyewe zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kupitia bodi ya serikali ya kuendeleza ardhi ya Waafrika, iliyokuja kujulikana kama ALDEV. Wilaya ya Machakos, huko Ukambani, ilipata fungu nono: mabwawa, matrekta, makazi mapya Makueni, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Hata hivyo, kazi ya jembe, ya kuchimba mitaro na kujenga matuta, ilibaki kwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana, ambao sasa uligeuzwa shuruti ya chifu. Wengi walioinama kwenye mitaro hiyo walikuwa wanawake, na hakuna hesabu ya bodi iliyoandika jasho lao kama mchango.

Uhuru ulipoingia, shuruti ikaondoka na matuta mengi yakatelekezwa. Kisha likatokea jambo ambalo wataalamu hawakulitabiri: watu wakarudi kuchimba wenyewe. Walichagua fanya juu, mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu wa mteremko hadi shamba linakuwa ngazi. Kahawa ilikuwa inalipa, na mishahara ya Nairobi na Mombasa ilirudi nyumbani kuajiri vibarua. Sweden ilianza kugharimia hifadhi ya udongo nchini mwaka 1974, na Jumuiya ya Ulaya ikaleta mradi wake Machakos mwaka 1978, wakati kazi imeshashika kasi.

Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka 1994, walionyesha kuwa watu wa Machakos waliongezeka kutoka takriban 240,000 miaka ya 1930 hadi milioni 1.4 mwaka 1989, huku mmomonyoko ukipungua. Wakosoaji waliuliza, kwa haki, kama kaya zisizo na mtu wa mshahara mjini zilinufaika vivyo hivyo.

Mvutano wa sasa umetoka vilimani na kuhamia mitoni. Vikundi vya wanavijiji hujenga mabwawa ya mchanga, kuta za zege zinazonasa mchanga ili ushikilie maji wakati wa kiangazi. Mchanga huo huo ndio unaotakiwa na wajenzi wa Nairobi, na malori huufuata mtoni. Makueni, ambayo sasa ni kaunti inayojitegemea, ilitunga sheria ya kuudhibiti uchimbaji huo mwaka 2015.