Msuko, Wala Si Koili ya Sauti

Orodha moja ya istilahi za umeme iliyopita mikononi mwangu imeuita ule waya uliozungushwa nyuma ya koni ya spika "koili ya sauti". Watungaji wake wameligeuza jina la kigeni neno kwa neno, wakakikosea kitu chenyewe. Ndani ya waya ule hamna sauti. Mna umeme tu. Sauti huzaliwa umeme huo unapokabiliana na sumaku, waya ukarushwa mbele na nyuma, ukaisukuma koni, nayo ikaisukuma hewa. Isitoshe, boksi lenye spika ya besi na twita huwa na koili nyingine ndani ya kichujio, zinazopitisha umeme uleule. Mwanafunzi akiagizwa abadilishe koili ya sauti, atashika ipi?

Neno ni msuko. Nililipendekeza kwa maandishi, wanakamati wa istilahi wakalipita bila kulijadili, kwa hiyo nalitetea hapa. Kitenzi suka kina maana mbili, na zote zimo katika kifaa hiki. Ya kwanza ni ya ukili, kikapu na kitanda cha kamba. Ya pili ni ya kutikisa: maziwa husukwa mpaka yakatoa siagi, na chombo husukwasukwa na mawimbi. Waya wa shaba husukwa na fundi, kisha husukwasukwa na umeme maisha yake yote. Hicho ndicho alichokisajili Oliver Lodge huko Uingereza mwaka 1898, na ndicho walichokikamilisha Rice na Kellogg wa General Electric mwaka 1925: waya uliozungushwa ili utikisike. Koili ya kichujio haitikisiki, basi ibaki koili.

Yuko mwandishi anayeshabikia neno "kizongo" badala ya msuko, adaiye kwamba waya haukusukwa kwa kuwa nyuzi zake hazipishani. Hoja hiyo ni ya mezani. Mafundi wanaoitia mota waya mpya husema wanasuka mota, na walisema hivyo bila kungoja idhini ya mtu. Neno lililokwisha kukaa karakanani halihitaji mshindani aliyebuniwa ofisini.

Kuhusu matumizi: spika nzima ya omu 8 husoma takriban omu 6 kwenye mita. Mita isiposoma kitu, msuko umekatika, au zimekatika nyaya laini zinazoufikia, na hizo huchomelewa tu. Ikisoma chini mno, vanishi imeungua na waya umegusana. Koni ikikwaruza ukiibonyeza taratibu kwa vidole pande zote, msuko umebabuka au umehama katikati. Msuko uliokufa husukwa upya kwa kipenyo, tabaka na unene uleule wa waya.

Naziomba kamati za istilahi zilifungue tena jalada la neno hili. Nanyi walimu wa ufundi msingoje: andikeni msuko ubaoni.