Rangi nyingi ndani ya uzi mmoja: historia fupi ya njia za intaneti mpaka kwetu Kivu

 Mutaniuliza agronomo anatafuta nini katika fibri optiki. Mie nimezoea mifereji ya maji. Hii nayo ni mifereji, ila ya mwanga.

Mbele ya 2009, pwani ya Kenya na Tanzania haikukuwa na kebo hata moja ya fibri baharini. Intaneti ilipanda kwa satelaiti, kilomita karibu 36.000 juu, kisha ikashuka. Mwaka ule TEAMS na SEACOM zikafika, EASSy ikafuata 2010. Upande wa magharibi, WACS ilianza kazi 2012, na kwetu Congo inatua Muanda.

SEACOM iliundwa kubeba terabiti 1,28 kwa segonde, na nyuzi zake ni za kuhesabika. Inawezekanaje? Ndani ya uzi mmoja munapita mianga mingi, kila mmoja na urefu wake wa wimbi. Macho hayaioni, lakini tuiite rangi. Kazi ngumu ni kuipangia njia. Rangi moja haitumiwi mara mbili katika uzi mmoja, na bila mashini ya kuigeuza, inabaki ileile toka mwanzo mpaka mwisho. Ni sawa gari la Uvira: kiti cha 5 kiko wazi Bukavu mpaka Nyangezi, cha 7 kiko wazi Nyangezi mpaka Kamanyola, na abiria amekatazwa kuhama kiti. Nafasi iko, safari hakuna!

Tena rangi 80 ndani ya uzi mmoja si njia 80. Mwezi wa 8, 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari, katika korongo la mto Congo. WACS na SAT-3 zikakatika pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 ikawa zamu ya EASSy na SEACOM, na majirani zetu wa mashariki wakabaki na mtandao wa kusuasua. Sisi watu wa RN5 tunalijua hilo. Ngomo ikiziba kwa mvua, hata magari mia yanalala. Anayefika ni yule aliyevuka Ruzizi, akapitia Rwanda, akatokea Kamanyola.

Njo maana laini ya nchi kavu inayovuka Congo, ile kampuni Liquid inatangaza tangu 2021, ni ya maana kuliko kuongeza rangi tu: Mombasa ikikwama, mwanga unaweza kuzungushwa kwa Muanda. Basi wenzangu wa telecom, mukiambiwa mji uko na laini mbili, muulize kwanza kama hazipiti katika mtaro mumoja.