Dhoruba au Msukosuko?

Kamusi huiweka dhoruba pamoja na tufani na kimbunga, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Lakini dhoruba ina nasaba yake: imetokana na kitenzi cha Kiarabu cha kupiga, na pacha wake, dharuba, bado ni pigo moja zito. Kwa kueleza yanayoisibu sakafu ya bahari upepo unapochafuka, neno hilo linatufaa nusu tu.

Nusu inayofaa ni ya siku yenyewe. Wimbi hugusa chini pale kina kisipozidi nusu ya umbali kati ya kilele na kilele. Mawimbi yaliyoachana mita 100 huanza kuisikia sakafu kwenye kina cha mita 50. Karibu na pwani mchanga hunyanyuka, minyoo na kombe waliojifukia hubaki wazi, nyasi bahari hung'oka, matumbawe huvunjika yakawa kifusi. Na kifusi kinachobiringika hakijengeki: vibuu vya matumbawe vikitua juu yake husagwa.

Wanaikolojia hawakuishia kwenye pigo. Mwaka 1978 Joseph Connell alieleza kwamba aina za viumbe huwa nyingi zaidi pale mwamba unapotikiswa kwa kiasi. Ukiachwa mno, wababe hutwaa nafasi yote. Ukitikiswa mno, husalia wagumu wachache. Dhana hii ya kutikiswa tuiiteje? Usumbufu ni kero ya jirani mwenye redio. Uharibifu umeshatoa hukumu kabla ya ushahidi. Mimi nachagua msukosuko, kwa kuwa limezaliwa na sukasuka: urudufu wake wenyewe unasema jambo hili huja, likaja tena.

Jamaica inaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Agosti 1980 kimbunga Allen kiliponda matumbawe ya Discovery Bay. Acropora cervicornis, tumbawe lenye matawi kama pembe, huzaliana pia kwa vipande vyake, hivyo kimbunga kingeweza kuwa mpanzi. Hakikuwa. Vipande vilivyonusurika viliendelea kufa kwa miezi kadhaa baada ya bahari kutulia. Mwaka 1983 maradhi yakafyeka Diadema antillarum, mnyama wa miiba mirefu myeusi aliyekuwa akiufyeka mwani. Pono, ambao wangeshika zamu yake, walikuwa wameshavuliwa kupita kiasi. Mwaka 1988 kikaja kimbunga kingine, Gilbert. Matumbawe yaliyofunika zaidi ya asilimia 50 ya miamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yakapungua hadi chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwani ukatamalaki.

Anayeandika dhoruba atapima kasi ya upepo na kuhesabu kilichovunjika. Anayeandika msukosuko hana budi kuuliza umetanguliwa na upi, umepita muda gani, na kabla ya mwingine kufika, nani amebaki wa kula mwani.