Picha Ikiharibika, Tazama Umeme Kwanza

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka nisikilize kwanza. Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne, nikabaki mjini naandika riwaya isiyokwisha. Riwaya yenyewe inahusu bandari yetu ya Dar es Salaam. Nilitoka nyumbani kutafuta habari za makontena na wabeba mizigo, nikajikuta nimeshika tochi nyuma ya kabati la mchezo wa video kule Gerezani, hatua chache tu kutoka Soko la Kariakoo. Haya ninayokuandikia nimeyatoa ndani ya kabati hilo.

Lilikuwa refu kunizidi, lina kioo kama cha luninga ya zamani, mpini wa kuchezea, vifungo vinne na tundu la kutumbukiza sarafu. Liliingia bandarini pamoja na mzigo wa vitu vilivyotumika, na jina la kiwanda lilishabanduliwa zamani. Ukiliwasha, sauti inatoka safi kabisa. Lakini picha, we acha tu! Herufi zimekatikakatika, ndege za adui zimegeuka vibao vya rangi, na mistari ya wima imesimama kama nondo za dirisha. Mwenye duka alishachoka nalo.

"Jumamosi likiwa bado hivi," alisema, "nalipima kilo, nauza chuma chakavu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Fundi aliyeitwa ni mzee wa makamo ya babu yangu, fundi redio wa siku nyingi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu bila kugeuka, "Marahaba, mwanangu. Shika tochi hapa, na usiguse kitu. Kioo hiki hata ukichomoa waya ukutani, ndani kinaweka maelfu ya volti. Kinakungoja wewe."

Nikashika tochi, mkono unatetemeka. Nikamwuliza swali ambalo vijana wengi wa mjini tunaulizana: kwa nini sisi tulichelewa hivi kwenye mashine? Wenzetu wametengeneza michezo hii kabla wazazi wetu hawajaoana. Au hatukuwa na akili ya vitu hivi? Mzee akacheka kidogo. "Ngoja nimalize kupima," akasema, "utajijibu mwenyewe."

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Space Invaders, kazi ya bwana mmoja aitwaye Tomohiro Nishikado. Ubongo wa mashine ile ulikuwa chipu ya Intel 8080, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 8 tu. Katika hizo 8, kilobaiti 7 zilikuwa za picha peke yake: kila nukta ya kioo ilikuwa na biti yake, ikiwaka ni 1, ikizimika ni 0. Mashine ilihangaika sana kuchora maadui wote. Mchezaji alipowapunguza, kazi ya kuchora ilipungua, na waliobaki wakaanza kukimbia. Kumbe ile mbio iliyowapandisha watu jasho ilitokana na unyonge wa mashine! Mwaka 1980 ikafuata Pac-Man ya Namco, iliyobuniwa na Toru Iwatani, na dunia ikazidi kuchanganyikiwa.

Na hapa kwetu je? Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965. Unaona? Hatukuwa nyuma kama tunavyodhani. Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo zikaguswa. Kompyuta za hesabu za serikali zilikuwa zimeleta hasara, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Sasa kabati la mchezo ni nini kama si kompyuta iliyofungwa pamoja na kioo cha televisheni? Mtoto wa Tokyo alipokuwa anatumbukiza sarafu mwaka 1978, mashine kama ile kuishusha bandarini kwetu ilikuwa ni kugombana na sheria.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya binafsi vikaanza kurusha matangazo. Mlango wenyewe ulianza kufunguka mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimbandika jina la Mzee Ruksa. Bidhaa zikamiminika Kariakoo, mtaa ambao wenyewe umepata jina kwa wapagazi wa Carrier Corps, jeshi la kubeba mizigo la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Safari hii mizigo ilikuwa deki za video, redio kaseti na luninga. Na umeme nao ukawa na mambo yake: ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, mwaka 1992 na tena 1994, jiji liliingia kwenye mgawo. Ukirudi, unarudi kwa kishindo.

Mafundi redio ikabidi wajifunze kioo. Mzee wangu hakupata mchoro wala kitabu. Alijifunza kwa kufungua luninga zilizokufa, anafuata waya mmoja mmoja kwa kidole, usiku kwa mshumaa.

Basi Alhamisi akaanza kazi. Mimi nilidhani atakimbilia kioo, kwa sababu ugonjwa unaonekana pale. Hakukigusa. "Picha ingekuwa inapanda na kushuka, au rangi zote zimevia, ningeshuku kioo," akasema. "Lakini herufi hizi zimevunjika, ila zimevunjika waziwazi. Kioo kinaonyesha kwa uaminifu upuuzi kinacholetewa."

Akatoa mita. Kwenye kisanduku cha umeme ikasoma volti 5.1. Nikasema, "Umeme upo, mzee." Akanitazama kwa huruma, akahamisha mita hadi kwenye bodi yenyewe: 4.4. Chipu za namna ile zinataka 5, na zikishuka chini ya 4.75 zinaanza kuota ndoto. Njiani, kwenye soketi inayounganisha waya na bodi, pini mbili zilikuwa zimeungua hadi kuwa nyeusi. Umeme ulitoka mzima, ukafika mgonjwa.

Akakata ncha zilizoungua, akaunga waya mpya kwa lehemu, kisha akasugua ukingo wa bodi kwa kifutio cha penseli, kile cha darasani. Tulipowasha, herufi zilirudi! Nikapiga kelele mpaka wauza nondo wa jirani wakaja kuchungulia. Nondo za kiooni, hata hivyo, zilikuwa bado zimesimama.

Ijumaa akanifundisha kusoma makosa. Kosa linalojirudia kwa nafasi sawa, kama mistari ile, mara nyingi ni chipu moja ya kumbukumbu ya picha iliyogoma. Kosa linalotembea pamoja na ndege limo upande wa vitu vinavyotembea, na lile linalobaki nyuma limo upande wa mandhari. Alipachua chipu moja kutoka bodi iliyokufa, akaipandikiza, mistari ikafutika. Kuhusu ndege zilizokuwa vibao, alichomoa chipu inayohifadhi maumbo yake: mguu mmoja ulikuwa na kutu. Hewa ya chumvi ya bandari haina rafiki. Akausafisha, akairudisha, na ndege zikaruka.

Nikamwuliza kama kila kosa la picha lina dawa. Hapana. Pac-Man, kwa mfano, ukifika hatua ya 256 nusu ya kulia ya kioo inajaa takataka, na hakuna chipu mbovu hata moja. Hesabu ya hatua imewekwa kwenye baiti moja, na mwisho wa baiti ni 255. Ikivuka hapo inarudi sifuri, na programu inachanganyikiwa kwenye kuchora matunda. Kosa limo katika maandishi ya programu yenyewe. Lehemu haitasaidia kitu.

Nilinyamaza pale, maana niliikumbuka riwaya yangu. Miezi saba nimekuwa nabadilisha maneno ya sura ya tisa kwa sababu haisomeki. Sijawahi kurudi sura ya kwanza kupima kama kuna umeme unaotoka.

Jumamosi mwenye duka alikuja na mzani. Tukamwashia. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa rangi nyekundu, ambayo haikurudi mpaka leo. Chipu yake haina mbadala mjini. Alicheza raundi tatu, akafa zote tatu, akaurudisha mzani kwenye gari bila kusema neno. Watoto wa mtaa walikuja, wakasema mchezo wa polepole, simu za kaka zao ni kali zaidi. Lakini hawakuondoka hadi magharibi.

Mzee hakunijibu lile swali langu. Lakini ile mita ilinijibu. Tulitazama kioo chetu kibovu tukajilaumu sisi wenyewe, kumbe tungefuata waya: marufuku ya 1974, fedha za kigeni zilizokuwa haba, umeme wa mgawo. Akili ilikuwepo, imekaa kwenye kigoda, inafuata waya kwa mshumaa.

Jambo moja linaninyima usingizi. Mikono ya mzee imeanza kutetemeka kuliko yangu, na mwanafunzi hana. Aliyonifundisha siku zile yamo kwenye daftari langu la mistari, kurasa kumi na moja, kwa Kiswahili. Wewe mwandishi mwenzangu unayesoma hapa, mtaani kwako yupo mzee wa namna hii. Nenda na kalamu, mwamkie, na ukiambiwa ushike tochi, shika.