Mkulima wa Old Moshi na Hesabu za Kompyuta

Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa nchi za viwanda wamekuwa wakijaribu kuigiza kwa hesabu, na baadaye kwa kompyuta, jinsi mkulima anavyoamua. Mwaka 1963 mwanajiografia Peter Gould alimchukua mkulima wa Jantilla, nchini Ghana, akamweka mbele ya mpinzani mmoja tu, kama katika mchezo wa bao: hali ya hewa. Jibu likawa mahindi asilimia 77.4 na mpunga wa mlimani asilimia 22.6. Mwaka 1965 akageukia ngano ya Kilimanjaro, akiongeza mifano ya mkulima anayejifunza.

Sisi hatupingi hesabu. Mkulima asiyeijua hupunjwa kwenye mizani. Swali letu ni moja: mpinzani huyo ni nani hasa?

Tuitazame Old Moshi. Mkulima wa huko ana kihamba mlimani, kahawa chini ya kivuli cha migomba, na shamba la mahindi kule tambarare. Mvua ikikosekana tambarare, ndizi ziko. Mchezo wa kukabili mvua wazee waliucheza kabla Gould hajazaliwa.

Mchezo mgumu ulikuwa mwingine. Walipopanda kahawa, walowezi walipinga vikali, maana mkulima mwenye kahawa yake hatafuti kibarua kwa mlowezi. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi. Mwaka 1933 nafasi yake ilishikwa na KNCU, na utawala wa kikoloni ukawalazimisha kuuza kahawa yote kwa njia hiyo. Bei zilikuwa duni, na mwaka 1937 ghasia zikazuka Uchagani. Chanzo chake hakikuwa mvua.

Wala tusimtwike mkoloni yote. Mwaka 1976 ni Serikali yetu wenyewe iliyovunja vyama vikuu vya ushirika. KNCU ilirudi mwaka 1984. Katika miaka ile mkulima aliamua nini juu ya mibuni yake, bila chombo chake cha kuuzia?

Tena huyo "mkulima" si mtu mmoja. Kwa desturi ya Uchagani ndizi ni za mama, kahawa ni ya baba, na zote zinagombea samadi ile ile. Kompyuta za leo zinaweza kuigiza kaya nyingi, kila moja na mabishano yake. Atakayeiandikia Old Moshi programu aanze kwa kuuliza nani anapeleka ndizi sokoni na nani anapokea malipo ya kahawa.