Sprightly
Sprightly ni kivumishi cha Kiingereza kinachomsifu mtu mchangamfu, mwepesi wa mwili na roho. Kimetokana na spright, umbo la kale la sprite, yaani kijipepo. Asili ya mbali ni Kilatini spiritus, pumzi. Herufi gh hazitamkwi. Katika Antony and Cleopatra ya Shakespeare, Antony anakitumia akijiandaa kufa: kwa madaha yake na ya mpenzi wake, roho za wafu zitawakodolea macho. William Wordsworth alikitia katika ubeti aliouongeza mwaka 1815 kwenye shairi lake la maua ya dafodili, kueleza ngoma yao. Siku hizi husemwa sana juu ya wazee wakakamavu, sifa yenye kijembe kidogo: kumbe bado anatembea!