Kabla ya kuongeza HP: boti ya injini nne iliyopitwa na boti ya injini moja



Swali ninaloulizwa sana na wavuvi na wafanyabiashara wa mwaloni ni hili: "Afisa, nina mashine ya HP 15, nataka kukopa nichukue HP 40. Boti itakimbia mara mbili?" Jibu fupi ni kwamba inawezekana isikimbie hivyo, na mkopo ukabaki palepale. Ili uone kwa nini, leo nakupa historia ya watu waliokuwa na fedha nyingi kuliko sisi sote, waliotumia miaka 30 hivi kutafuta injini ya boti inayokwenda kasi kuliko zote duniani. Walilipa gharama ya somo hili, sisi tulichukue bure.

Tajiri wa matipa

Marekani alikuwepo mtu anaitwa Gar Wood. Alitengeneza mtambo wa haidroliki wa kunyanyua bodi la lori, na mtambo huo ukampa utajiri. Tipa linapomwaga mchanga kijijini kwako, linafanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Wood alipenda mashindano ya boti. Bahati nzuri kwake, Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917 ilitengeneza injini ya ndege iliyoitwa Liberty, yenye silinda 12 na nguvu ya HP 400 hivi. Zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Vita vilipoisha, nyingi zilibaki hazina kazi. Wood akanunua, akafunga mbili kwenye boti aliyoiita Miss America. Mwaka 1920 akaenda nayo Uingereza akashinda kombe la Harmsworth, na mwaka huohuo boti hiyo ikafikisha karibu kilomita 120 kwa saa.

Hapo mashindano yakawa ya kuongezeana injini. Waingereza wakajibu kwa Miss England II, yenye injini mbili za Rolls-Royce R, ambazo nazo zilikuwa za ndege za mashindano. Tarehe 13 Juni 1930, katika ziwa Windermere, Henry Segrave aliiendesha karibu kilomita 159 kwa saa na kuvunja rekodi. Aliporudia safari boti ilipinduka, na inadhaniwa iligonga gogo lililokuwa likielea. Segrave alifariki siku hiyohiyo, pamoja na fundi wake mmoja. Injini zilikuwa na nguvu ya kutosha. Boti ndiyo iliyoshindwa na kipande cha mti.

Gar Wood hakurudi nyuma. Mwaka 1932 alitoka na Miss America X, yenye injini nne za Packard. Kila moja ilikuwa na HP 1,600, jumla HP 6,400. Urefu wake ulikuwa kama mita 11.6. Ilifika kilomita 201 kwa saa.

Sasa piga hesabu nami. Mwaka 1920 HP 800 hivi zilimpa kilomita 120. Mwaka 1932 HP 6,400 zilimpa kilomita 201. Nguvu iliongezeka kama mara nane, lakini mwendo haukufika hata mara mbili. Maji yana uzito, na kadiri unavyotaka kuyapita haraka, ndivyo yanavyokudai nguvu nyingi zaidi kwa kila kilomita unayoongeza.

Injini ileile, boti nyingine

Mwingereza Malcolm Campbell alikwenda njia tofauti kidogo. Mwaka 1938 boti yake Blue Bird, yenye injini moja ya Rolls-Royce R, ilifika karibu kilomita 211 kwa saa. Alipotaka zaidi, injini aliiacha ya aina ileile, akabadilisha boti. Boti mpya ilikuwa na vitako viwili mbele, kimoja kila upande, hivyo ikienda kasi inagusa maji sehemu tatu tu: vitako hivyo viwili na nyuma. Sehemu kubwa ya tumbo la boti inakuwa hewani. Agosti 1939, katika ziwa Coniston, ilifika kilomita 228 kwa saa. Mwendo ulipanda kwa sababu ya umbo la boti.

Muuza magari wa Seattle

Baada ya Vita vya Pili, injini za ndege zilibaki tena. Katika mji wa Seattle, muuza magari Stanley Sayres alinunua injini moja ya aina ya Allison. Mchoro wa boti ulitoka kwa Ted Jones, na fundi Anchor Jensen akaijenga. Wakaiita Slo-mo-shun IV.

Boti hiyo ilikuwa na urefu usiofika mita 9. Nguvu yake ilikuwa kama HP 1,500, chini ya robo ya zile za Miss America X. Lakini waliyatazama mambo matatu pamoja: umbo la boti, uzito wake na propela. Injini iliunganishwa na giaboksi iliyoizungusha propela kwa kasi kuliko injini yenyewe, na boti ilipokimbia, nusu ya propela ilikuwa nje ya maji. Sehemu ya nyuma nayo ikanyanyuka, boti ikawa kama inapaa.

Tarehe 26 Juni 1950, katika ziwa Washington, ilikimbia kilomita 258 kwa saa. Rekodi ya Campbell ya miaka 11 ilivunjwa kwa kilomita 30, na ile boti ya injini nne iliachwa kwa zaidi ya kilomita 50.

Wewe ufanye nini

Boti yako si ya mashindano, na hutakiwi kupaa. Lakini mpangilio wa maamuzi ni uleule: boti kwanza, mzigo wa pili, propela ya tatu, HP mwisho.

1. Boti. Ipandishe nchi kavu uitazame chini. Majani na ukoko vinaishika kwenye maji. Ziba panapovuja. Ndoo moja ya lita 20 ya maji yaliyotuama ndani ni kilo 20 unazosafirisha bila nauli. Muulize pia fundi aliyeijenga: boti ya tumbo refu la kusukuma maji haitapanda juu ya maji hata uifunge mashine kubwa. Itazamisha nyuma na kunyanyua pua, na mafuta yataisha.

2. Mzigo. Usirundike kila kitu nyuma karibu na mashine. Sogeza tenki, barafu na makreti hadi boti ikae sawa.

3. Propela. Tazama namba mbili zilizogongwa juu yake. Moja ni upana, nyingine ni umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja. Boti ya mzigo mzito huhitaji umbali mdogo zaidi. Pakia kama unavyopakia siku zote, fungua mafuta yote, fundi apime mizunguko ya injini alinganishe na kitabu chake. Isipofika, propela ni nzito mno kwa kazi yako. Ikizidi, ni nyepesi mno. Propela ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine.

4. HP. Ukishafanya hayo matatu na bado unachelewa soko, hapo zungumzia mashine kubwa. Hakikisha kwanza ubao wa nyuma unaweza kubeba uzito na msukumo wake. Kisha andika kwenye karatasi: nitaokoa dakika ngapi kwa safari, dakika hizo zitaniongezea shilingi ngapi kwenye bei ya samaki au nauli, na mafuta ya ziada ni shilingi ngapi. Kama shilingi za mwanzo hazizidi za mafuta na rejesho la mkopo, usikope.

Na usimsahau Segrave. Kila unapoongeza kasi, gogo, nyavu na mtumbwi mdogo usio na taa vinakuja kwako haraka zaidi. Jaketi okozi livaliwe tangu mnapoondoka mwaloni.

Gar Wood aliweza kununua injini nne kwa sababu alikuwa na fedha ya matipa. Wewe una fedha ya dagaa, na ada ya shule inaisubiri hiyohiyo. Wiki hii, kabla hujakwenda kwa mkopeshaji, pandisha boti nchi kavu uanze na namba moja.